Kwa nini matone ya antibiotiki hayatibu macho mekundu ya watu wazima wengi?

Mtu mzima anapoamka na jicho jekundu linalochuruzika machozi, aghalabu hukimbilia kichupa cha matone ya antibiotiki, na jicho likirudi kuwa jeupe baada ya wiki moja au mbili, sifa zote hupewa kichupa. Je, wajua kwamba mara nyingi dawa hiyo haikuchangia chochote katika kupona huko?

Kinachovimba ni utando mwembamba unaofunika sehemu nyeupe ya jicho na upande wa ndani wa kope. Vijishipa vya damu vya utando huo hutanuka kila unapochokozwa, iwe na virusi, bakteria, vumbi au mzio, na kwa hiyo wekundu peke yake haumtambulishi mchokozi.

Kwa watu wazima, mchokozi wa kawaida zaidi ni virusi, hasa adenovirusi, ambavyo pia huleta mafua na maumivu ya koo. Antibiotiki huua au kuzuia bakteria kwa kushambulia vitu ambavyo bakteria wanavyo: baadhi hubomoa ukuta wa seli yao, na nyingine, kama kloramfenikoli, huwazuia kutengeneza protini. Kirusi hakina ukuta huo wala hakijitengenezei protini. Huingia ndani ya seli za mgonjwa na kuzitumia kujizalisha, hivyo dawa hukosa pa kushambulia. Kinga ya mwili ndiyo inayoumaliza ugonjwa, kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 14, na pengine hata wiki 3. Katika muda huo jicho la pili nalo huweza kuambukizwa, na hapo wengi hudhani kwamba dawa ya kwanza ilikuwa dhaifu, wakaomba iliyo kali zaidi. Kinachosaidia kweli ni kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope, machozi bandia, na kunawa mikono kwa sabuni mara kwa mara, kwa sababu virusi hivi hudumu muda mrefu kwenye taulo, mito na vitasa vya milango.

Bakteria huleta usaha mzito unaorudi muda mfupi baada ya kufutwa, na kope hugandana asubuhi, ingawa hata maambukizi ya virusi huweza kuleta matongotongo. Aina isiyo kali hupona yenyewe kwa takriban siku 7 hadi 10, na matone ya antibiotiki hufupisha muda huo kidogo. Bakteria wa kisonono ni jambo jingine kabisa: usaha hufurika, kope huvimba sana, na konea, yaani sehemu angavu iliyo mbele ya mboni, huweza kutoboka. Hapo matone peke yake hayatoshi. Mgonjwa huhitaji sindano ya seftriaksoni bila kuchelewa, na mwenzi wake wa kingono pia atibiwe.

Macho yote mawili yakiwasha mno, mzio ndio wa kushukiwa kwanza. Matone ya kupambana na histamini, yaani kemikali ya mwili inayoleta mwasho wa mzio, kama ketotifeni au olopatadini, hutuliza, ilhali kufikicha macho huchochea histamini zaidi na kuongeza mwasho.

Dawa ninayoihofia zaidi ni matone yenye steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na wekundu, ambayo wakati mwingine huchanganywa na antibiotiki katika kichupa kimoja. Wekundu huondoka upesi na mgonjwa hufurahi, lakini ikiwa chanzo ni virusi vya malengelenge, steroidi huipunguza kinga ya jicho na kuviacha vichimbe kidonda kwenye konea. Zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha shinikizo la jicho na kuleta mtoto wa jicho. Kwa hiyo zisitiwe kabla ya daktari kulichunguza jicho, wala kichupa alichoandikiwa mtu mwingine kisiazimwe, hata kama macho yenu yanafanana kwa wekundu.

Maumivu makali, kushindwa kuvumilia mwanga au kuona ukungu usioondoka kwa kupepesa ni dalili kwamba huenda konea au sehemu za ndani zimeguswa, na jicho hilo linahitaji kuonwa siku hiyohiyo. Anayevaa lenzi za kugusa jicho azivue mara tu wekundu unapoanza na asisubiri dalili hizo kuzidi, kwani bakteria wanaojificha kwenye lenzi huweza kuiharibu konea ndani ya siku chache.