Kutoka asilimia 13.8 hadi 15 tu: mbona vyuo vikuu vya Uingereza vinalia?

Aprili 2025 mchango wa mwajiri kwenye Bima ya Taifa ya Uingereza ulipanda kutoka asilimia 13.8 hadi 15. Kama ule wa mwajiri kwenye NSSF, hulipwa juu ya mshahara, mfanyakazi hakatwi. Wengi husikia tarakimu hizo mbili wakaishia hapo: chuo kikubwa kitashindwaje na kanyongeza haka?

Wanachokiruka ni kiwango cha kuanzia. Zamani mwajiri hakulipa chochote kwa pauni 9,100 za kwanza za mshahara wa mwaka. Sasa anasamehewa 5,000 tu. Ni kama muuza maji aliyekuwa akikupa ndoo tisa za kwanza bure kila mwezi, kisha akakubakizia tano. Bei ya ndoo ya kumi ikipanda kidogo utanung'unika, lakini kinachouma ni zile nne ulizokuwa hulipii kabisa. Na jirani yako aliyekuwa akichota tisa tu, asiyewahi kudaiwa, sasa naye anadaiwa.

Chukua karani wa maktaba anayelipwa pauni 30,000 kwa mwaka. Awali chuo kilimlipia kama 2,884. Sasa ni 3,750. Nyongeza ni 866, na 615 kati ya hizo zimetokana na kushushwa kwa kiwango cha kuanzia. Kwa mhadhiri wa pauni 60,000, mwenye mshahara maradufu, chuo kimeongeza 1,226 tu. Msaidizi wa muda anayepata 9,000 hakuwa na mchango wowote; sasa ni 600, ingawa wafanyakazi walio chini ya miaka 21 bado wamesamehewa. Kwa hiyo, ukilinganisha na mishahara, nyongeza anayobeba mwajiri ni kubwa zaidi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, si kwa maprofesa.

Duka lingepandisha bei. Vyuo vya England haviwezi: ada ya mwanafunzi wa humo humo nchini imewekewa kikomo na serikali, pauni 9,250 tangu 2017, kikapandishwa hadi 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26. Ni nyongeza ya 285. Karani yule mmoja anameza nyongeza ya wanafunzi watatu, na bado haitoshi. Shule za serikali zilipewa fidia. Vyuo vikuu, visivyohesabiwa kuwa sekta ya umma, havikupewa.

Tena mzigo huu haukuvikuta vyuo vikiwa na nafasi ya kupumua. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili kutoka nje hawaruhusiwi kwenda na wategemezi wao, na wanafunzi wa nje ndio ambao ada yao haina kikomo.