Jani la ua la Usambara halijui limepandwa na mkono wa nani

Hajati, jirani yangu hapa Jinja, Uganda, alinijia asubuhi moja amekishika kikopo cha mtindi kwa mikono miwili kama aliyebeba yai. Ndani mlikuwa na jani moja la ua la Usambara, lile lenye majani ya vinywele laini na vimaua vya zambarau, ambalo wauza maua wa barabarani huliita vayoleti. Kikonyo kilikuwa kimezama chote, jani lenyewe limelalia matope. Nilipoligusa tu likang'oka; chini limekuwa la kahawia, laini kama ndizi iliyopitiliza kuiva.

"Mwanangu, mimi sina mkono wa maua," akasema. "Hili ni la nne."

Habari za mkono nazisikia kila siku: fulani ana mkono mzuri, fulani akigusa mche unakauka. Sikubishana na mtu mzima. Nilimwomba tu anisimulie alivyopanda. Alichuma jani kubwa kuliko yote, la chini kabisa. Akaacha kikonyo kirefu ili lishike vizuri. Akajaza kikopo udongo mweusi aliochota nyuma ya migomba. Akamwagilia asubuhi na jioni. Katika yote hayo, sikuona mahali ambapo mkono uliingia. Niliona dhana zilizozoeleka tu; hizi hapa moja moja, pamoja na nyingine ninazozisikia.

"Chukua jani kubwa la chini, ndilo lenye nguvu"

Jani la chini ni zee. Linaweza kutoa mizizi, lakini mara nyingi huchoka na kuoza kabla halijazaa. Jani changa la katikati nalo halijakomaa, na ukilichuma unaujeruhi moyo wa mmea. Chagua la safu ya kati: limekomaa, gumu kiasi, rangi yake imekolea, halina doa. Lishike karibu na shina, livute kwa upande, litaachia lenyewe.

"Kikonyo kirefu, shimo refu"

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu tumezoea muhogo na viazi vitamu, ambako kipande kirefu kina faida. Jani hili halifanyi kazi hivyo. Halikui likawa mmea. Linabaki kuwa jani, na watoto huchipuka pale ulipokata, kwenye mwisho wa kikonyo. Ukikizika kikonyo kwa urefu wa kidole, watoto watazaliwa huko chini gizani, na itawabidi wapande safari yote hiyo kutafuta mwanga. Wengine hawafiki.

Kata kikonyo kibaki sentimita 2 hadi 3, kwa wembe mpya, kwa mshazari, upande uliokatwa ukitazama juu pamoja na uso wa jani. Hivyo kidonda kinakuwa kipana na watoto hutokea mbele, unapowaona. Kichomeke sentimita moja na nusu tu, jani likiegemea ukingo wa kikopo. Likikataa kusimama, liwekee njiti ya kiberiti kwa nyuma. Usilizike zaidi ili kulisimamisha.

Mimi hukata pia ncha ya jani, karibu theluthi ya juu. Hajati aliponiona nikifanya hivyo alishika kichwa. Lakini jani zima huweza kuendelea kujinenepesha lenyewe miezi na miezi. Lililopunguzwa huelekea kuanza kuzaa mapema.

"Likioza, basi"

Lile jani la nne hatukulitupa. Nililikata kidogo kidogo kwenda juu mpaka nikafika kwenye nyama safi ya kijani, na kwa kuwa kikonyo chote kilikuwa kimekwenda, nikabaki na jani tupu. Linatosha. Mshipa mkuu wa katikati una uwezo wa kutoa mizizi na watoto. Kuna watu hulikata jani moja vipande vipande, kila kipande kina mshipa, na vyote vikashika. Tofautisha tu kuoza na kulegea. Siku chache za mwanzo jani hulegea kwa sababu halina mizizi ya kunywea. Huko si kufa. Kufa ni pale chini panapogeuka kuwa uji wa kahawia.

"Udongo mweusi na maji kila siku"

Udongo wa migombani ni mtamu kwa migomba. Ndani ya kikopo hushikamana, hukosa hewa, na huja na wadudu na ukungu wake. Jani lisilo na mizizi halihitaji mbolea yoyote. Linahitaji unyevu na hewa kwa wakati mmoja. Mchanga mkavu uliooshwa, ukichanganywa na nyuzi za nazi au mboji nyepesi iliyochekechwa, unatosha.

Kuna kitu bora zaidi, na kinachekesha kwamba tunakikalia: vemikulaiti. Ni mwamba wa vigamba vinavyong'aa ambao ukichomwa hufura ukawa mwepesi kama bisi, hunyonya maji na bado huacha nafasi ya hewa. Wenye kuotesha majani haya duniani kote huupenda. Uganda ina hazina kubwa ya mwamba huo Namekara, mashariki, upande wa Mlima Elgon. Ukiupata kitaluni, tumia mtupu bila kuchanganya na kitu.

Kuhusu maji: toboa kikopo chini, kisimamishe kwenye sahani yenye maji nusu saa, kisha mwaga yanayobaki. Usirudie mpaka juu pameanza kukauka. Mfuko wa nailoni wa kufunika husaidia miezi ya Disemba na Januari hewa inapokauka, hasa kwa ndugu zetu wa kaskazini. Msimu wa mvua hapa kandokando ya ziwa, ukiufunga mfuko wiki nzima bila kuufungua, unafuga ukungu.

"Bila dawa ya mizizi halishiki"

Linashika. Ni miongoni mwa mimea inayotoa mizizi kwa urahisi kabisa, na dawa ikizidi inaweza hata kuwachelewesha watoto. Tunza pesa yako.

"Ni maua ya Wazungu" na ndugu yake, "ni ua la Afrika, liweke juani"

Dhana hizi mbili zinapingana, na nimewahi kuzisikia kutoka kwa mtu mmoja. Asili ya ua hili ni Tanzania na sehemu za Kenya: Usambara, Uluguru, Nguru, vilima vya Taita, na mabaki ya misitu ya pwani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Usambara, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia ionantha. Neno hilo la pili maana yake ni lenye maua kama ya vayoleti. Kufanana tu, vayoleti ya Ulaya ni ukoo mwingine kabisa. Tangu 2015 wataalamu wameliingiza katika jenasi, yaani kundi la mimea ndugu, iitwayo Streptocarpus. Ukilinunua Kampala, basi, huenda wazee wa wazee wake walivuka bahari wakaenda kuzalishwa Ulaya na Marekani kabla ya kurudi kuuzwa jirani na kwao.

Lakini Afrika lilikotoka si uwanja wa mpira. Porini huota kwenye miamba yenye unyevu, chini ya miti mikubwa, mahali pa ubichi na kivuli, na mizizi yake haiendi mbali. Jua la saa sita huliunguza.

Sasa hapa kuna mtego. Maelekezo mengi ya Ulaya husema weka dirisha la kaskazini, kwa kuwa huko kwao jua la mchana halifiki upande huo. Jinja iko chini ya digrii moja kutoka ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana linatutokea kaskazini, Disemba linahamia kusini. Dirisha la kaskazini lililokuwa salama Januari linaweza kuunguza majani ifikapo katikati ya mwaka. La mashariki halikudanganyi: jua laini la asubuhi, kisha mwanga tu. Veranda yenye paa refu nayo ni nzuri. Joto lisikusumbue, nyuzi 18 hadi 25 zinalifaa sana, na sisi hatuko mbali na hapo mwaka mzima.

"Maji yakigusa majani, linakufa"

Yanayodhuru ni maji ya baridi. Maji ya pipa lililolala nje, ukiyamwagia jani lenye joto, huacha madoa ya rangi iliyopauka ambayo hayatoki tena. Yalaze maji ndani usiku, yawe na joto la chumba. Ukitaka kuosha vumbi, osha, ila liache likauke mbali na jua.

"La kuiba ndilo hushika"

Hili limenichekesha tangu utotoni, na lina chembe ya ukweli. Mwizi huchuma haraka jani moja lililo karibu na mkono, hulificha, hulipanda jioni ileile, kisha kwa aibu haendi kulitazama kila saa. Aliyepewa kwa hiari hulichimbua kila Ijumaa kuona kama mizizi imetoka. Mizizi huchukua wiki tatu hadi nne, watoto huonekana kwa kawaida kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili, na ua la kwanza ni miezi sita hadi tisa tangu kupanda, wakati mwingine zaidi. Omba jani. Watu wa maua hawana choyo.

"Mtoto atafanana na mama"

Karibu kila mara, ndiyo. Lakini yapo maua yenye mistari iliyotoka katikati kama njiti za gurudumu. Mimea hiyo imeundwa kwa tabaka mbili za chembe hai zenye asili tofauti, na jani halirithishi mpangilio huo. Utapata maua ya rangi moja. Kwa aina hizo husubiriwa chipukizi la pembeni mwa shina. Muuzaji anayekuuzia jani la ua la mistari kwa bei ya juu, mwulize kwanza.

Watoto wakifikia theluthi ya ukubwa wa jani mama, watenganishe, kila mmoja na kikopo chake. Wakiachwa pamoja ili chungu kionekane kimejaa, husongamana na maua hupungua. Na chungu kikubwa hakiharakishi kitu: kipenyo chake kiwe kama theluthi ya upana wa mmea, basi. Jani mama likiwa bado zima, likate upya ulipande tena.

Lile la nne la Hajati lilitoa watoto watano wiki ya kumi na moja. Mwezi uliopita dada yake wa Bombo akamwomba jani, na Hajati akanipigia simu kuuliza kama litafika salama. Nilimwambia alifunge kwa karatasi laini yenye unyevu, aliweke ndani ya mfuko, lisikae juani. Likiwa hivyo linavumilia hata siku kadhaa. Akalifunga, akampa kondakta wa basi la Kampala pamoja na samaki wa kukaanga, na akamwonya mara mbili asiweke samaki juu.