Je, wajua kwa nini watu wa kando ya Mekong wanapanda mboga sehemu wanayojua mto utakuja kuichukua?

Mwezi wa pili hivi ukiwa Nong Khai, mji wa Thailand unaotazamana na Laos, sogea mpaka ukingoni mwa mto Mekong uchungulie chini. Ule mteremko wote kutoka barabarani hadi kwenye maji, ambao ungedhani utakuta majani na takataka tu, umegeuzwa bustani. Nyanya, pilipili, mahindi, karanga, vitunguu majani, giligilani, saladi, matuta yanashuka kama ngazi hadi pale maji yanapoanzia, na uzio ni vijiti vya mianzi vilivyozungushiwa nyavu kuukuu za kuvulia samaki ili kuku wa jirani wasije kula mtaji. Sasa rudi hapohapo mwezi wa nane. Bustani hakuna, matuta hakuna, uzio hakuna, kuna maji tu ya rangi ya chai ya maziwa yanapita kwa kasi, na zile nyanya ulizoziona zilikuwa mita kadhaa chini ya hayo maji.

Na wenyewe wanajua kabisa kwamba yatakuja, wazazi wao walijua na babu zao walijua. Sasa kwa nini mtu akalime hapo?

Watu wengi wakiulizwa wanajibu haraka haraka kwamba ni shida tu, hawana ardhi nyingine. Kwa baadhi ni kweli, ila familia nyingi za ukanda ule wa kaskazini mashariki, wanauita Isan, zina mashamba ya mpunga huko juu mbali kidogo na maji. Wanashuka ukingoni kwa sababu ya hesabu, na ukiifuatilia hiyo hesabu unaona kwamba ule mto kufunika shamba ndo faida yenyewe.

Tuanze na mto. Kithai mto ni "mae nam", mae ni mama na nam ni maji, kwa hiyo kila mto ni mama wa maji, na huu mkubwa wanauita Khong. Unaanzia nyanda za juu za Tibet, unapita China, Myanmar, Laos, Thailand, Kambodia hadi Vietnam unakoingia baharini, na upande wa Thailand unagusa mikoa minane kuanzia Chiang Rai hadi Ubon Ratchathani. Mvua kule zinaanza mwezi wa tano mpaka wa kumi hivi. Mto unajaa, halafu mvua zikikata unaanza kushuka pole pole hadi mwezi wa tatu na wa nne ambapo unakuwa chini kabisa. Na huko kushuka si mchezo, sehemu nyingi tofauti ya juu na chini ni zaidi ya mita 10, yaani ghorofa tatu nzima za maji zinaondoka zinaacha ukuta wa udongo uko wazi.

Udongo huo sasa. Maji ya mafuriko yanapokuja yamebeba tope laini lililochunwa milimani huko juu, na yakitulia kwenye kingo yanaliacha. Zamani mto huu ulikadiriwa kubeba takriban tani milioni 160 za tope na mchanga kwa mwaka, na karibu nusu yake ilitoka upande wa China. Kwa mkulima wa Si Chiang Mai, wilaya ya Nong Khai inayojulikana kwa nyanya, hiyo ni mbolea imeletwa mlangoni, imemwagwa na kusambazwa bila yeye kulipa hata senti. Udongo wa Isan huko juu kwa kawaida ni mchanga mchanga, hauna rutuba sana na haushiki maji, kwa hiyo tofauti ya shamba la juu na la ukingoni mtu anaiona kwa macho tu, mche uleule, mbegu ileile, mmoja umenyauka na mwingine umenona.

Halafu kuna unyevu. Kiangazi cha Isan ni kikali, visima vinapungua na mashamba ya mpunga yanapasuka, lakini ukingoni maji yako palepale chini na udongo umelowa kutokea ndani. Unamwagilia ndio, zamani walipanda na kushuka na ndoo mbili kwenye mti begani, siku hizi wengi wana pampu ndogo na mpira, ila haulazimiki kupeleka mto shambani kwa sababu shamba limeletwa mtoni. Jambo lingine watu hawalifikirii ni kwamba ardhi iliyolala chini ya maji miezi kadhaa inaamka safi, magugu mengi yameoza na wadudu wengi wa udongoni wamekufa maji. Mkulima wa nchi kavu anapambana na magugu ya mwaka jana, huyu anaanza ukurasa mpya kila mwaka.

Lakini mimi ninachokipenda zaidi ni jinsi wanavyopanga. Mteremko haufunuki kwa siku moja, unafunuka kidogo kidogo kadiri maji yanavyoshuka, na wao wanapanda wakiyafuata maji nyuma nyuma. Kipande cha juu kinatoka majini kwanza na kitazamishwa mwisho, kwa hiyo hapo unaweka vitu vinavyokaa muda mrefu, mahindi, pilipili, mpapai au mgomba. Katikati nyanya na maharage, pamoja na kunde zao ndefu kama mkanda, ambazo kwa taarifa yako ni ndugu wa damu wa kunde zetu na asili ya mmea huo ni Afrika. Kile kipande cha chini kabisa kinachotoka majini mwezi wa pili au wa tatu kina wiki chache tu za kuishi, huwezi kuweka pilipili hapo, unaweka mboga za majani za siku 30 au 40, giligilani, saladi, unavuna unaondoka kabla mama hajarudi. Ni kama kalenda iliyolazwa kwenye mteremko, ukiona mtu kapanda nini wapi unajua anategemea maji lini.

Na inaingiliana vizuri na mpunga. Isan sehemu kubwa wanalima mpunga mara moja kwa mwaka kwa mvua, wanahamisha miche kati ya mwezi wa sita na wa saba, wanavuna mwezi wa kumi na moja hadi wa kumi na mbili. Mikono ikitoka kwenye mpunga ndo kwanza ukingo umefunuka. Hela ya mboga inaingia miezi ambayo ya mpunga inakata, inalipa ada, mafuta ya pikipiki, michango ya hekaluni, na kinachobaki kinaliwa nyumbani. Chakula chao wali wa kunata unaovukizwa kwenye kikapu cha mianzi, unaumega kwa vidole unatowea kwenye pilipili ya kutwanga (mla ugali hahitaji maelezo hapo), na pembeni lazima pawe na rundo la majani mabichi. Kile kichanganyiko chao cha papai bichi, som tam, kinataka nyanya, pilipili na samaki aliyechachushwa, nyanya na pilipili zimetoka ukingoni, samaki katoka humohumo mtoni.

Umiliki ni stori nyingine. Ukingo hauna hati, kisheria ni ardhi ya umma, ila kijijini kila mtu anajua kipande cha nani kinaanzia wapi, mara nyingi anayekaa juu ndo anayelima chini ya nyumba yake na watoto wanarithi hivyohivyo. Visiwa vya mchanga vinavyojitokeza kiangazi katikati ya mto vina utata wake, maana kwa mkataba wa 1926 kati ya Ufaransa, iliyokuwa ikitawala Laos, na Siam, jina la zamani la Thailand, visiwa vingi vya mpakani viliangukia upande wa Laos hata vingine ambavyo ukisimama Thailand unaviona hapo karibu.

Kwa msomaji wa Rufiji hakuna jipya hapa. Kilimo cha kufuata maji yanapopungua wao wanakiita mlau na wamekifanya tangu enzi na enzi, na Wapokomo wa mto Tana wanajua habari hiyo pia. Mito tofauti, akili moja.

Sasa shida ilipoingia. Mfumo huu wote unasimama juu ya kitu kimoja, mto kutunza ratiba. Mafuriko ya mwezi wa nane hayamtishi mtu, yako kwenye hesabu. Kinachoua ni maji ya mwezi wa pili. China imejenga mfululizo wa mabwawa makubwa ya umeme kwenye sehemu ya juu ya mto, la kwanza Manwan lilikamilika miaka ya 1990, na bwawa la umeme kazi yake ni kuhifadhi maji ya masika na kuyaachia kiangazi, yaani kinyume kabisa na anavyotaka mtu wa nyanya. Maji yakiachiwa ghafla huko juu, yule wa chini analala ana matuta manne anaamka ana mawili, tena mbingu nyeupe bila wingu. Yakifungwa yanashuka ghafla, ukingo uliolowa unakosa cha kuuegemea na unaporomoka na mboga zake.

Mwaka 2019 ndo watu walishtuka kweli. Mwezi wa saba, katikati ya msimu wa mvua, mto ukawa chini kuliko ilivyowahi kupimwa kwa kipindi kama hicho, mvua zilichelewa na hapohapo bwawa la Jinghong kule China likapunguza maji kwa wiki mbili hivi kwa ajili ya matengenezo ya gridi ya umeme. Mwezi wa kumi bwawa la Xayaburi la Laos, megawati 1,285 ambazo nyingi zinauzwa Thailand hapohapo ng'ambo, likaanza kazi rasmi. Mwishoni mwa mwaka kule Nakhon Phanom, upande wa Thailand, mto ukabadilika rangi, ile chai ya maziwa ikawa buluu kama bahari ya Zanzibar, watu wakapiga picha wakazituma kwa ndugu zao mjini, pazuri kweli kumbe ni dalili mbaya. Maji yamekuwa safi kwa sababu tope limebaki nyuma ya kuta, na wataalamu wa mito maji ya namna hiyo wanayaita yenye njaa, kwa kuwa yakikosa mzigo wa kubeba yanautafuta kwa kula kingo. Kwa hiyo mkulima anapoteza mara mbili, mbolea haiji na shamba lenyewe linaliwa, na serikali ikija kuzuia mmomonyoko inajenga ukuta wa zege wenye ngazi na njia ya kutembelea jioni, pazuri pa watalii, ila zege haioti nyanya.

Wengine hawakukaa kimya. Chiang Khong, mkoa wa Chiang Rai, mwalimu mmoja mstaafu anaitwa Niwat Roykaew aliongoza wenzake kupinga mpango wa kulipua miamba ya mto ili meli kubwa za mizigo zipite, serikali ya Thailand ikaufuta mwezi wa pili 2020, na mwaka 2022 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka huohuo wa 2020 China ilikubali kutoa takwimu za maji mwaka mzima kwa Tume ya Mto Mekong, chombo cha pamoja cha nchi za chini ya mto, kabla ya hapo ilitoa za msimu wa mafuriko tu, ambazo kwa mtu wa bustani ya kiangazi hazina kazi.

Ila takwimu ni takwimu, mboga ni mboga. Kipande cha chini kabisa, kile cha giligilani ya siku 40, siku hizi wengi wanakiogopa wanakiacha wazi. Na kwenye vijiji vya pande zote mbili za mto utakuta mtumbwi mkuukuu uliotoboka, umejazwa udongo, umenyanyuliwa juu ya nguzo, ndani yake vitunguu majani na ile mboga yenye harufu kali wanayoiita phak chi lao. Hiyo ndo bustani ambayo maji yakija bila taarifa yanapita chini yake.