Upungufu wa vitamini D: maana yake, na jinsi virutubisho vyake vinavyotumiwa

Upungufu wa vitamini D ni hali ya mwili kukosa akiba ya kutosha ya kirutubisho hicho, kiasi cha utumbo kushindwa kufyonza vizuri kalsiamu na fosforasi iliyomo katika chakula. Hali hii huthibitishwa kwa kipimo cha damu, kwa sababu watu wengi walio nayo hawahisi chochote kwa muda mrefu. Mtu anayekabidhiwa karatasi ya maabara yenye tarakimu iliyopigiwa mstari anaweza kudhani kwamba amepata maradhi makubwa, ilhali mwingine, ambaye mifupa yake imekwisha kuanza kulainika, anaendelea kumeza dawa za maumivu mwezi baada ya mwezi bila yeyote kuwaza kumpima.

Ingawa kinaitwa vitamini, sehemu kubwa ya kirutubisho hiki haitoki katika chakula. Hutengenezwa kwenye ngozi, pale miale ya jua ya urujuanimno inayoitwa UVB inapoifikia kemikali ya jamii ya kolesteroli iliyomo humo. Kinachopatikana ni vitamini D3, ambayo husafirishwa na damu hadi kwenye ini na kugeuzwa kuwa umbo linalohifadhiwa mwilini, ambalo ndilo maabara hulipima. Kisha figo hulikamilisha kwa kuligeuza kuwa homoni inayouamuru utumbo uchukue kalsiamu. Safari hiyo ya ngozi, ini na figo inafaa kukumbukwa, kwa kuwa inaeleza kwa nini dawa moja haiwafai wote. Mtu mwenye ugonjwa sugu wa figo anaweza kukaa juani kila siku na kumeza vidonge vya kawaida, lakini bado akahitaji dawa ya aina nyingine, maana kwake hatua iliyokwama ni ile ya mwisho.

Kalsiamu inapopungua katika damu, tezi ndogo nne zilizo shingoni hutoa homoni inayoilazimisha mifupa iachilie kalsiamu yake. Damu hupata inachohitaji, na mifupa ndiyo inayogharamia. Kwa mtoto ambaye bado anakua, matokeo yake ni matege: miguu hupinda, vifundo vya mikono na magoti hutuna, utosi huchelewa kufunga, meno huchelewa kuota, na mtoto aliyetarajiwa kutembea hubaki akitambaa. Mifupa ya mtu mzima haipindi kwa namna hiyo, bali hulainika na kuuma, hasa nyonga, kiuno na miguu, huku misuli ya mapaja ikidhoofika hadi kuinuka kitini au kupanda ngazi kunakuwa kazi ngumu. Uchovu nao hutajwa mara nyingi, lakini una sababu nyingi mno, kuanzia upungufu wa damu hadi malaria na kukosa usingizi, hivyo si haki kumhukumu mtu kuwa na upungufu wa vitamini D kwa sababu tu amechoka.

Asili ya maradhi haya ilifahamika karne moja tu iliyopita. Katika miji ya viwanda ya Ulaya, ambako moshi ulitanda juu ya vichochoro vyembamba, matege yalikuwa ugonjwa wa kawaida wa watoto wa maskini. Mwaka 1919, daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin alionyesha kwamba watoto wenye matege walipona walipomulikwa kwa taa yenye miale ya urujuanimno. Mwaka huohuo, Edward Mellanby wa Uingereza alieleza majaribio yake ya mbwa waliopata matege kwa kulishwa chakula duni na kufungiwa ndani, na jinsi mafuta ya ini la samaki yalivyowakinga. Elmer McCollum wa Marekani alipokitenga kirutubisho hicho na vitamini A, mwaka 1922, alikipa herufi iliyofuata baada ya A, B na C. Kwamba mwanga na mafuta ya samaki, vitu visivyofanana hata kidogo, viliponya ugonjwa uleule lilikuwa fumbo, na jibu lake ni kwamba njia zote mbili huufikishia mwili kitu kilekile.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza upungufu huu unamhusu vipi, naye anaishi kwenye jua la ikweta. Kwa mtu anayeshinda nje, jibu ni kwamba pengine haumhusu. Watafiti waliowapima Wamaasai na Wahadzabe nchini Tanzania, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, walikuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita ya damu, kiwango cha juu kabisa kulingana na vipimo vyote vinavyotumika, na watu hao hawakuwa wakimeza kidonge chochote. Ngozi nyeusi haizuii mwili kutengeneza vitamini D. Melanini hupunguza kasi ya kazi hiyo, kwa hiyo mwenye ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko mwenye ngozi nyeupe, na pale jua linapokuwa kali mwaka mzima na maisha yakiwa ya nje, muda huo hupatikana bila mtu kuutafuta.

Tatizo huanza pale ngozi ileile inapohamia London, Oslo au Toronto. Nchini Uingereza, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua huwa chini mno angani na miale ya UVB haifiki ardhini kwa kiasi cha kutosha, hata siku mbingu ikiwa nyeupe bila wingu. Mamlaka za afya za huko huwashauri watu wote wafikirie kutumia mikrogramu 10 kwa siku katika majira hayo, na wenye asili ya Afrika au Asia Kusini, pamoja na wanaofunika sehemu kubwa ya mwili, waufuate ushauri huo mwaka mzima. Naona ni ushauri wa busara, na inasikitisha kwamba wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili ughaibuni huusikia mara ya kwanza mtoto wao akiwa tayari na tatizo. Katika nchi za Ghuba hali ni tofauti, lakini mwisho wake unafanana. Jua la Muscat au Dubai ni tele, ila joto lake huwafukuza watu hadi kwenye vyumba vyenye viyoyozi, na miale ya UVB haipenyi kioo cha dirisha.

Hata kwetu maisha ya mjini yameanza kuleta hali hiyo. Matege yameripotiwa kwa watoto wa Nairobi na wa Addis Ababa, miji iliyo karibu na ikweta, na mara nyingi mtoto anayeugua ni yule anayelelewa katika chumba kimoja cha ghorofa iliyobanana na nyingine, akiwa amefunikwa mablanketi siku nzima. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo, hasa mama mwenyewe akiwa na upungufu. Jambo hili si sababu ya kuyaacha. Ndiyo sababu nchi nyingi hupendekeza mtoto anayenyonya apewe matone ya uniti 400, yaani mikrogramu 10, kwa siku. Ni vyema pia kujua kwamba si kila matege hutokana na vitamini D: nchini Nigeria watafiti waligundua kuwa watoto wengi wenye matege walikosa zaidi kalsiamu katika chakula, na hao hawaponi kwa jua peke yake.

Kuna kundi jingine ambalo halizungumziwi vya kutosha, nalo ni la watu wanaotumia dawa zinazolifanya ini kuivunja vitamini D haraka kuliko kawaida. Miongoni mwa dawa hizo ni fenitoini, fenobabitali na kabamazepini, zinazotumiwa na wenye kifafa, rifampisini inayotibu kifua kikuu, na efavirenzi iliyotumiwa kwa miaka mingi kudhibiti virusi vya UKIMWI. Mgonjwa wa kifafa anayelalamika kwamba mifupa inamuuma anastahili kusikilizwa na kupimwa, wala asiachishwe dawa yake. Watu wenye unene uliopitiliza nao huonyesha viwango vya chini, kwa sababu vitamini hii huyeyuka katika mafuta na kuenea humo, na mara nyingi huhitaji dozi iliyo kubwa mara mbili au tatu.

Kipimo huripotiwa kwa nanogramu katika mililita moja ya damu, au kwa nanomoli katika lita, na ya kwanza huzidishwa kwa 2.5 kupata ya pili. Ni muhimu kutazama kizio kabla ya kushtuka, kwani 30 ya nanogramu ni hali njema na 30 ya nanomoli ni upungufu. Chini ya nanogramu 12, wataalamu karibu wote hukubaliana kwamba mifupa iko hatarini. Kuanzia 20 kwenda juu, watu wengi wamejitosheleza. Kati ya 20 na 30 ndipo penye mabishano, kwa kuwa maabara nyingi bado huandika "kiwango hafifu" kwa kila aliye chini ya 30, ingawa chama cha madaktari wa homoni cha Marekani, kilichoutangaza mpaka huo mwaka 2011, kiliacha kuutetea katika mwongozo wake wa mwaka 2024 na kikasema watu wazima wenye afya hawana haja ya kupimwa kila mara. Kwa hiyo aliyeambiwa ana nanogramu 24, na ambaye hana maumivu wala ugonjwa mwingine, hana sababu ya kukosa usingizi.

Chakula peke yake huziba pengo kwa shida. Samaki wenye mafuta, kama vibua na dagaa, ndio wenye vitamini D ya maana. Kiini cha yai na ini vinayo kidogo, na uyoga ulioanikwa juani hupata aina ya D2. Aliyethibitika kuwa na upungufu hutibiwa kwa virutubisho vya vidonge au matone, na hapa ndipo namba za vifungashio huwatatiza watu. Dozi huandikwa kwa uniti za kimataifa, kwa herufi IU, na mikrogramu 1 ni sawa na uniti 40. Mahitaji ya kawaida ya mtu mzima ni uniti 600 kwa siku, au 800 kwa mwenye zaidi ya miaka 70. Anayetibiwa anaweza kuandikiwa kidonge cha uniti 50,000 mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 8 hivi, kisha akahamia dozi ndogo ya kila siku. Makosa ya hatari hutokea pale mtu anapokimeza kidonge cha wiki kila siku, au anapoendelea nacho baada ya wiki zile kwisha kwa sababu duka la dawa halimwulizi cheti.

Kidonge kimezwe pamoja na mlo wenye mafuta kidogo, kwani hufyonzwa vizuri zaidi, na D3 hupandisha kiwango kuliko D2. Kalsiamu nayo iwepo katika chakula, iwe kwa maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao au mboga za majani, kwani vitamini D bila kalsiamu haina cha kufyonza. Kipimo cha marudio kifanyike baada ya miezi 3 hivi, si wiki ya pili, kwa kuwa akiba hujengeka polepole. Maumivu ya mifupa huchukua miezi kupungua, na mgonjwa anapaswa kuambiwa hivyo tangu mwanzo ili asikate tamaa.

Aliye na kiwango cha kutosha hanufaiki sana kwa kuongeza. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao VITAL, uliowafuatilia watu 25,871, ulionyesha mwaka 2018 kwamba uniti 2,000 kwa siku hazikupunguza idadi ya waliopata saratani wala mshtuko wa moyo, na baadaye ikaonekana kwamba hazikupunguza kuvunjika kwa mifupa pia. Dozi kubwa mno inaweza hata kudhuru: nchini Australia, wanawake wazee waliopewa uniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka walianguka na kuvunjika mifupa zaidi kuliko wenzao waliopewa kidonge kitupu, kama ilivyochapishwa mwaka 2010. Binafsi naegemea dozi ndogo za kila siku, isipokuwa daktari awe na sababu ya wazi.

Kuzidi kwa vitamini D hupandisha kalsiamu katika damu. Dalili zake ni kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kichefuchefu, kufunga choo na kuchanganyikiwa, na figo zinaweza kuharibika. Mtu mzima asipite uniti 4,000 kwa siku bila usimamizi wa daktari. Anayetumia digoksini, ambayo ni dawa ya moyo, au dawa za kuongeza mkojo za jamii ya thiazaidi, na mwenye historia ya mawe kwenye figo, aseme hivyo kabla ya kuandikiwa. Kwa mtoto mchanga uangalifu uzidi, kwa sababu chupa za matone hazifanani: katika moja uniti 400 ni tone moja, katika nyingine ni mililita nzima, na mama aliyebadilishiwa chupa akiendelea kupima kwa mazoea anaweza kumpa mwanawe dozi mara nyingi zaidi ya ile aliyoandikiwa. Kila chupa mpya isomwe lebo upya, na itumiwe kidondoshi chake yenyewe.