Doa jeupe mdomoni: la jicho na la hadubini

Aliyewahi kukaa ghalani Tandahimba msimu wa korosho anajua kwamba ubora haupimwi kwa kutazama ganda. Mpimaji huchota korosho chache kwenye magunia, akazikata katikati, ndipo akaona punje iliyojaa, iliyosinyaa au iliyooza. Baka la mdomoni nalo hutazamwa kwa nje, kisha hukatwa ili kuona ndani.

Kwanza jicho. Mzee anayeweka ugoro kati ya mdomo na fizi ana baka jeupe palepale ugoro unapokaa. Daktari wa kinywa na meno analifuta kwa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda. Lingetoka, angefikiria fangasi. Halitoki. Anauliza kuhusu jino lenye ncha, au kama mzee alibangua korosho mbichi kwa meno (mafuta ya ganda lile hubabua, ila kidonda chake hupona). Anamwambia aache ugoro, arudi baada ya wiki mbili. Likiwa bado lipo, na hakuna ugonjwa mwingine unaolieleza, linaitwa lukoplakia. Jina hilo halisemi ndani kuna nini.

La ndani ni kazi ya hadubini. Mgonjwa anachomwa ganzi, anakatwa kinyama kidogo, kinatiwa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze. Maabara hukizamisha kwenye nta, hukikata vipande vyembamba mno na kuvitia rangi, viini vya seli vikawa zambarau. Daktari anayevisoma kwa hadubini anatafuta displazia, yaani mabadiliko ya seli yanayoweza kuelekea saratani: viini vikubwa vilivyokoza rangi, seli zilizovuruga mpangilio wake. Vurugu ikiishia theluthi ya chini ya utando unaofunika ndani ya mdomo, ni displazia ndogo. Ikifika katikati, ya wastani. Ikipanda zaidi, kali.

Kwa hiyo daktari akiandika lukoplakia, maabara ikajibu "utando umekuwa mnene tu, hakuna displazia", ndugu wasiseme daktari alikosea. Mabaka mengi meupe hujibiwa hivyo. La kuogopa zaidi ni jekundu, laini kama mahameli, liitwalo eritroplakia. Mara nyingi haliumi, watu hulipuuza, na likikatwa mara nyingi hukutwa displazia kali au saratani yenyewe.

Hadubini nayo huona kile tu ilicholetewa. Ukichota juu ya gunia, ya chini huyajui. Ndiyo maana kwenye baka kubwa daktari hukata penye wekundu au ugumu, pengine sehemu mbili tatu, na jibu likirudi safi huku baka lenyewe likizidi kumtia shaka, hukata tena.