Pesa za Kufufua Uchumi: Uliza Zililipwa Lini

Kila msimu wa vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, ofisi yetu hapa Nairobi hupokea barua zenye swali lilelile: uchumi ukidorora, je, serikali ikiongeza matumizi inasaidia, au inatuongezea deni tu? Mwaka huu barua zimezidi, na baadhi zimeandikwa kwa uchungu ambao tunauelewa. Jibu letu ni kwamba inasaidia, ila kwa masharti. Na sharti linalovunjwa zaidi nchini mwetu ni la tarehe: pesa zilimfikia nani, na siku gani.

Mwaka 2020 nilizunguka mtaa wa Mathare jioni moja baada ya vijana wa Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa vibarua vya muda kwa vijana, kupokea malipo kwenye simu. Walikuwa wakizibua mitaro na kuzoa taka kwa shilingi 455 kwa siku. Kwenye kibanda kimoja cha mboga, mama muuzaji alikuwa ametoa daftari lake la madeni, akipiga mstari jina moja baada ya jingine. Aliniambia kesho yake ataamkia soko la Marikiti achukue magunia mawili ya sukumawiki, maana kwa wiki kadhaa alikuwa akichukua moja. Gunia la pili lina mkulima aliyelivuna, lori lililolileta na kijana wa mkokoteni aliyelisukuma. Hicho ndicho wachumi wanachokiita kizidishi: shilingi moja ya serikali inapopita mikono minne kabla ya kupoa.

Kizidishi hicho hufanya kazi pale tu ambapo kuna watu na mashine vilivyokaa bure. Kama viwanda vimejaa kazi na mafundi wote wana vibarua, pesa za ziada hupandisha bei, basi. Ndiyo maana wanaotuandikia kwamba Benki Kuu ichapishe noti na kumgawia kila mwananchi tunawaomba watusikilize, kwa sababu jambo hili tumelieleza mara nyingi mno. Noti haioti shambani. Noti zikiongezeka na magunia ya mahindi yakabaki yaleyale, unga unapanda, na anayeumia kwanza ni huyo huyo aliyetakiwa kusaidiwa.

Njia ya pesa nayo ina uzito wake. Aprili 2020 serikali ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kutoka asilimia 16 hadi 14, na ikawaondolea kodi ya mapato wafanyakazi wa mishahara ya hadi shilingi 24,000 kwa mwezi. Nia ilikuwa njema. Lakini Wakenya wengi wanaofanya kazi hawana hati ya mshahara, na unga wa mahindi na mkate tayari havikutozwa VAT. Mama wa Mathare hakuona tofauti yoyote kwenye pakiti ya unga. VAT ilirudishwa asilimia 16 Januari 2021, ingawa nafuu ya mishahara ya hadi shilingi 24,000 ilibaki.

Mwaka 2020 uchumi wetu ulishuka kwa asilimia 0.3, na 2021 ukakua kwa zaidi ya asilimia 7. Kuna wanaozitumia takwimu hizi kama ushahidi kwamba mpango wa shilingi bilioni 53.7 uliotangazwa Mei 2020 ndio uliotuokoa. Tunasihi tahadhari. Shule zilifunguliwa, hoteli zikafunguliwa, na ukipima kutoka chini sana kila hatua huonekana ndefu. Mchango wa mpango ule upo, lakini hatuwezi kuukatia namba kwa kutazama mwaka mmoja.

Mpango wa 2009 una mafunzo zaidi. Ghasia za baada ya uchaguzi, ukame na msukosuko wa fedha duniani vilikuwa vimetuangusha, na bajeti ya Juni mwaka huo ikatenga shilingi bilioni 22 kwa miradi ya maeneobunge: masoko, madarasa, vituo vya afya, na mabwawa 200 ya samaki katika kila moja ya maeneobunge 140. Kuchimba mabwawa kuliwapa vijana kazi mara moja, kwa jembe na toroli, na pesa zikabaki kijijini. Linganisha na mradi unaoanza kwa kuagiza mitambo kutoka ng'ambo, ambapo sehemu kubwa ya pesa huondoka nchini kabla kibarua wa kwanza hajaitwa. Masoko yalikuwa na shida nyingine. Baadhi yalibaki na kuta bila paa kwa miaka, wakati mdororo uliokusudiwa kutibiwa ulikwisha pita.

Kwa nini pesa huchelewa? Wengi hujibu, "Zililiwa." Wizi upo, na Kifungu cha 226(5) cha Katiba kinasema afisa anayeidhinisha matumizi kinyume cha sheria atailipa hasara hiyo mwenyewe, hata akiwa ameshaondoka ofisini. Lakini anayekomea hapo hajaelewa kalenda yetu. Chini ya Kifungu cha 223, serikali inaweza kutumia pesa ambazo hazikupangwa, mradi ziada isizidi asilimia 10 ya fedha zilizoidhinishwa na Bunge kwa mwaka huo, na iombe idhini ya Bunge ndani ya miezi miwili tangu pesa za kwanza kutolewa. Msimamizi wa Bajeti lazima aridhike ndipo pesa zitoke. Kisha kuna zabuni. Mshindi akijulishwa, mkataba hautiwi saini kabla ya siku 14 kupita, ili aliyeshindwa apate nafasi ya kulalamika. Akilalamika, bodi ya rufaa ina siku 21. Asiporidhika ana siku 14 za kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina siku 45. Kisha siku 7 za kukata rufaa, na siku nyingine 45 za Mahakama ya Rufaa. Jumlisha: siku 146, karibu miezi mitano, bila mtu yeyote kuvunja sheria. Hatua hizi zinalinda pesa zenu na hatupendekezi zifutwe. Tunapendekeza miradi iwe imeandaliwa tayari kabla dhiki haijaja.

Baada ya hapo ndipo penye kidonda. Mwaka jana nilikaa na mwanakandarasi kijana, mwanamke, aliyejengea ofisi moja ya umma vyoo vya shule kupitia zile asilimia 30 za zabuni zinazotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Alikopa benki, akamaliza kazi, cheti kikatiwa saini. Alinionyesha cheti hicho ndani ya mfuko wa plastiki, kimechakaa kwenye mikunjo kwa kupelekwa huku na kule. Malipo hayakuja. Benki ikachukua pikapu yake, na mafundi wake sita wakarudi kukaa barazani. Kwenye hotuba mradi ule ulihesabiwa kuwa kichocheo cha uchumi, ilhali mkopeshaji halisi alikuwa yeye. Kulipa bili za namna hii ndicho kichocheo cha haraka zaidi tulicho nacho, kwa sababu kazi imeshafanyika.

Kuhusu deni, hatutawaficha. Marekani ilipopitisha dola bilioni 787 mwaka 2009, ilikopa kwa riba ndogo. Sisi Februari 2024 tulikopa dola bilioni 1.5 nje kwa asilimia 9.75. Serikali inapokopa sana hapa ndani, benki huipendelea serikali kuliko mwenye karakana ya Gikomba. Utafiti wa nchi 44 uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba katika nchi zenye deni kubwa, kizidishi hukaribia sifuri au hata kuwa hasi. Kwa hiyo nafasi yetu ya kukopa ili kuchochea ni finyu, na kila shilingi inayokawia inatugharimu riba bila kununua gunia la pili.

Mnaokuja kwenye vikao, chagueni mradi mmoja mnaoujua, muulize tarehe tatu: Bunge lilipoidhinisha, pesa zilipotoka, na mwanakandarasi alipolipwa. Msipojibiwa, wekeni ombi la maandishi chini ya Sheria ya Upataji Habari ya 2016. Ofisi husika ina siku 21 za kujibu, na ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili.