Darasa geuzi: mhadhara nyumbani, maswali darasani

Darasa geuzi ni utaratibu wa kufundisha ambao mwanafunzi husikiliza mhadhara kabla ya kipindi, kwa simu au kompyuta, na muda wa darasani hutumika kufanya maswali. Tulivyozoea vyuoni ni kinyume. Mhadhiri anajaza ubao, watu wananakili mbiombio, halafu kila mmoja anapambana na maswali usiku peke yake, saa ambayo hana wa kumuuliza. Hapo ndipo desa, yaani notisi za kupeana, linapokaririwa, na supu, yaani mitihani ya marudio, zinapoanzia.

Utaratibu huu ulipata umaarufu kupitia Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia wa sekondari huko Colorado, Marekani. Mwaka 2007 walianza kurekodi vipindi kwa ajili ya wanafunzi waliokosa darasa.

Wengi wakisikia kompyuta hufikiria video tu. Kwenye hesabu video ni kitu kidogo. Chukua GeoGebra, programu ya bure iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 huko Salzburg, Austria. Ukishaipakua kwenye simu, inafanya kazi bila bando. Chora y = x², weka nukta moja penye x = 1 na nyingine mbele yake kwa umbali h, kisha pitisha mstari ulionyooka katika nukta zote mbili. h ikiwa 1, mteremko wa mstari ni 3. Punguza h iwe 0.5, unapata 2.5, iwe 0.1, unapata 2.1, iwe 0.01, unapata 2.01. Sasa ipeleke h hadi sifuri kabisa: mstari unapotea. Nukta zimekuwa moja, na sifuri kugawanya kwa sifuri hakuna jibu. Basi ile 2 ambayo mteremko ulikuwa unaikaribia inatoka wapi? Mwanafunzi akifika darasani na swali hilo, dhana ya kikomo, yaani thamani inayokaribiwa kadiri h inavyopungua, imeshamwingia nusu, na mhadhiri ana la kufanya zaidi ya kuandika kanuni ubaoni.

Kwa mtu anayesoma Chuo Kikuu Huria kupitia kituo cha Tabora au Kigoma, nusu ya utaratibu huu si ngeni: anajisomea kwake Ipuli au Ujiji, na ana kwa ana na walimu ni mara chache. Kwa maoni yangu, kosa ni kuzitumia siku hizo chache kusomeana tena yaliyomo kwenye vitabu.

Vikwazo vipo. Video ndefu inamaliza bando, kwa hiyo vipande vya dakika saba au nane vinavyorushwa WhatsApp vinafaa zaidi. Wapo watakaokuja bila kusikiliza chochote. Maswali mawili ya haraka mwanzoni mwa kipindi, yenye alama, huwaamsha. Na mhadhiri naye muhula wa kwanza atachoka kweli, maana kuandaa maswali mazuri ni kazi kuliko kuhutubia. Aanze na mada moja, ile inayoangusha watu kila mwaka.